Treni ya Galle Ichorwe Mwaka Gani?

Anayependekeza njia mpya ya gemu ya treni huulizwa maswali yaleyale. Ina urefu gani? Ina stesheni ngapi? Inatumia vichwa vya aina gani, na mchezaji ataona nini akiwa kwenye kiti cha dereva? Kisha huja swali la mwisho, ambalo watu hulijibu kwa haraka kana kwamba ni la kiufundi tu: njia hiyo ichorwe ilivyokuwa mwaka gani?

Nataka kukaa na swali hilo la mwisho, kwa sababu kwenye njia ninayoipendekeza mimi haraka haitasaidia. Njia yenyewe ni ya Sri Lanka, kutoka Colombo Fort hadi Galle. Ni takribani kilomita 115 za reli ambayo kwa sehemu kubwa inakwenda sambamba na Bahari ya Hindi, pengine karibu kiasi kwamba kati ya mataruma na maji kuna safu ya mawe tu.

Kwa asiyezijua, gemu za treni hazina adui wala risasi. Unakaa kwenye chumba cha dereva, unaachia breki, unaongeza nguvu taratibu, unatii taa na vibao vya mwendo, unasimama stesheni mahali palepale panapotakiwa, unafungua milango, unafunga, unaondoka. Ukichelewa unapunguziwa alama, ukizidisha mwendo unapunguziwa zaidi. Kuna watu wazima, wenye kazi na familia, wanaomaliza Jumamosi nzima wakipeleka mabehewa ya mizigo yasiyokuwepo kwenye mji ambao hawatafika maishani. Mimi ni mmoja wao na sioni haya. Ni raha ya kutazama huku mikono ina kazi, na abiria wa kawaida haipati kwa sababu anasinzia.

Kwa kuwa raha ni ya kutazama, njia za pwani hutafutwa sana. Gemu ya Microsoft iliyotoka mwaka 2001, ambayo wengi walianzia hapo, ilikuja na njia sita: mbili za Marekani, mbili za Japani, moja ya Uingereza na moja ya Austria. Afrika haikuwemo, wala Asia ya Kusini. Tangu hapo njia zimekuwa nyingi, na miongoni mwa zinazopendwa ni ile ya Devon, kusini-magharibi mwa Uingereza, inayopita Dawlish juu ya ukuta wa bahari. Aliyeibuni ni mhandisi Brunel, na ilifunguliwa mwaka 1846. Februari 2014 dhoruba iliubomoa ukuta huo na kuziacha reli zikining'inia hewani kama kamba ya kuanikia nguo. Lakini kwenye gemu unaweza kuinunua njia hiyo katika sura yake ya miaka ya 1950, ya vichwa vya mvuke, ambako dhoruba hiyo bado haijazaliwa. Hakuna aliyelalamika, na sioni sababu ya kulalamika. Ukuta ulijengwa upya, treni zikarudi Aprili mwaka huohuo, na hakuna aliyekufa kwa kuporomoka kwa reli ile.

Mtu atauliza kwa nini Mtanzania asipendekeze njia ya kwao. Ningependa sana. Lakini reli zetu zilijengwa kuipa bahari mgongo. Ile ya Tanga ilianza 1893 ikielekea milimani. Ya Mombasa ilianza 1896 ikielekea ziwani. Ya Dar es Salaam ilianza 1905, ikafika Kigoma 1914. Kila moja ilishuka bandarini kuchukua na kupakua, kisha ikageuka kurudi bara. Hakuna treni inayotoka Lamu kwenda Mombasa, Tanga, Bagamoyo na Kilwa hadi Mtwara huku abiria akihesabu ngalawa dirishani. Anayetaka kuendesha treni kando ya Bahari ya Hindi, bahari yetu wenyewe, inabidi avuke ng'ambo.

Na ng'ambo hiyo ina mengi ya kumfurahisha mchoraji. Reli ilisogea kusini kipande kwa kipande: Kalutara mwaka 1879, Galle 1894, Matara 1895. Upana wake ni milimita 1,676, mkubwa kuliko wa reli zetu zote, hata hii mpya ya SGR. Ukitoka Fort, baada ya dakika chache bahari inajitokeza upande wa kulia, na kuanzia Kollupitiya, Bambalapitiya, Wellawatta hadi Dehiwala haikuachi. Milango ya mabehewa hubaki wazi na vijana hukaa vizingitini miguu ikiwa nje. Watu wa mitaa ile hutembea juu ya mataruma kama kichochoro chao, kwa sababu ni kichochoro chao kweli: wanakwenda dukani, wanarudi ufukweni, wanasogea pembeni treni ikipiga honi. Baada ya Mount Lavinia kuna karakana za reli za Ratmalana, halafu daraja la Mto Kalu pale Kalutara na kuba jeupe la hekalu kando yake, halafu Bentota na mto wake, halafu Ambalangoda, mji wa wachonga barakoa. Kuna vichwa vya dizeli vya daraja la M2, vilivyotoka Kanada kuanzia miaka ya 1950, ambavyo baadhi vilipewa majina ya majimbo ya huko. Fikiria kichwa kinachoitwa Alberta kikipita katikati ya minazi. Kwa mpenzi wa treni hicho kitu kimoja tu kinatosha kufungua pochi.

Watu wanaotembea relini hawatachorwa, hilo najua. Katika gemu nyingi za aina hii binadamu huwekwa jukwaani, wanasubiri, wanaingia, basi. Reli huachwa tupu. Naelewa sababu zake, maana hakuna anayetaka gemu ya kumgonga mama aliyebeba kikapu. Lakini tazama kilichotokea: kabla hata ya kufika kwenye jambo zito tumeshachagua nani aonekane na nani asionekane, na tumeuita uchaguzi huo mandhari.

Uchaguzi wa mwaka ndio mkubwa kuliko wote, na unaanza mapema kuliko mtu anavyodhani. Stesheni ya pili baada ya Fort, ukishapita Secretariat Halt, inaitwa Kompannavidiya. Kwa miaka mingi jina lake la Kiingereza lilikuwa Slave Island, yaani Kisiwa cha Watumwa, na lilisomeka kwenye kibao cha stesheni. Watumwa wenyewe ni akina nani? Wengi wao walikuwa Waafrika, waliochukuliwa na Wareno na baadaye Waholanzi kutoka Msumbiji na kwingineko upande wetu huu, wakawekwa kwenye kipande kile cha ardhi kilichozungukwa na maji ya Ziwa Beira. Inasimuliwa kwamba ndani ya maji hayo waliwekwa mamba ili usiku mtu asithubutu kutoroka. Wazao wa Waafrika waliopelekwa Sri Lanka wapo hadi leo, hasa upande wa Puttalam, na ngoma zao zinajulikana. Miaka ya karibuni serikali imeamua jina la Kiingereza liachwe, libaki Kompannavidiya. Kwa hiyo dakika tano tu baada ya kuondoka, mchoraji ameshalazimika kuamua kibao kisomeke nini. Akichora mwaka 1990, mtoto wa Kilwa anayecheza gemu hiyo ataona neno linalomhusu na huenda akauliza. Akichora leo, hataona kitu. Sisemi jina lirudishwe, maana wenye mji wana haki ya kuchoka kuitwa hivyo. Nasema tu kwamba fundi anayejaza kibao kile anafanya kazi nzito kuliko anavyolipwa.

Sasa tufike Peraliya.

Peraliya ni kijiji kilicho kati ya Ambalangoda na Hikkaduwa. Reli hapo iko ndani kidogo, si kando kabisa ya maji, kuna nyumba na minazi katikati. Tarehe 26 Desemba 2004 ilikuwa Jumapili, siku moja baada ya Krismasi, tena sikukuu ya mwezi mpevu ambayo Wabudha wa Sri Lanka huiadhimisha. Treni ya kwenda Matara, iliyojulikana kama Samudra Devi, Malkia wa Bahari, iliondoka Fort kabla kidogo ya saa moja asubuhi ikiwa imejaa familia. Karibu wakati uleule, chini ya bahari karibu na Sumatra, ardhi ilipasuka. Wimbi lilihitaji kama saa mbili kuivuka bahari. Mnamo saa tatu na nusu treni ilikuwa Peraliya.

Wimbi la kwanza liliizingira na kuisimamisha. Wanakijiji waliokuwa wakikimbia waliiona treni, kitu kizito cha chuma kilichoinuka juu ya maji, wakaikimbilia. Wengine walipanda, wengine wakajificha nyuma yake. Likaja wimbi lingine, kubwa zaidi. Mabehewa yalitupwa kati ya nyumba na miti. Makadirio yanayotajwa zaidi ni kwamba walikufa watu 1,700 na zaidi, na hakuna ajali ya treni duniani iliyoua wengi kuliko hiyo. Miili mingi ambayo haikutambuliwa ilizikwa katika kaburi la pamoja karibu na reli. Kichwa kilichokuwa kikiivuta treni kilikuwa M2 namba 591. Jina lake Manitoba.

Basi, mwaka gani?

Jibu la kwanza, na la kawaida, ni kuchagua wakati wowote kabla. Chukua 1985 au 2003, weka minazi, weka jua, weka Manitoba akiwa amepakwa rangi mpya, mwache mchezaji apite Peraliya kwa mwendo wake bila kujua kuwa pana jina. Atakayefanya hivyo atakuwa na hoja. Mahali pale palikuwa na maisha kabla ya maafa, na si haki mji ukumbukwe kwa siku yake mbaya kuliko zote. Hoja hii ina uzito. Hata mtu aliyekufa, wanaompenda hutundika picha aliyopiga akiwa mzima.

Jibu la pili ni kuichagua siku yenyewe. Msishangae, atakuwepo atakayelitoa. Gemu za ndege zina watu wanaorudia ajali za kweli dakika kwa dakika, na wengine wanasema wanajifunza. Mtu atasema: weka safari ya tarehe 26 Desemba, mpe mchezaji treni ileile, saa ileile, tuone kama anaweza kuwaokoa. Arudi nyuma hadi Ambalangoda? Aongeze mwendo apite kabla ya wimbi?

Hapa nakataa, na sababu yangu haihusu adabu tu. Januari 2009 rubani alitua na ndege ya abiria juu ya Mto Hudson, New York, baada ya ndege wa angani kuharibu injini zote mbili. Wachunguzi waliweka marubani kwenye mashine za kuigiza ili waone kama ingewezekana kurudi uwanjani. Baadhi walifaulu. Lakini walikuwa wakijua mapema kitakachotokea, wakageuza papo hapo. Zilipoongezwa sekunde 35, muda wa binadamu kutambua kilichompata na kuamua, ndege haikufika. Mashine iliweza kuiga upepo, uzito, mafuta na mto. Ilichoshindwa kuiga ni kutojua.

Dereva wa Samudra Devi hakuzidiwa ustadi na mtu yeyote. Alikosa habari. Mchezaji anayekaa kwenye kiti chake leo akiwa ameshasoma kilichotokea hakai kwenye kiti hicho hata kidogo. Amekaa mahali ambapo dereva hakuwahi kupapata. Akifaulu kuiokoa treni, ushindi wake utakuwa na ujumbe mmoja tu, nao ni kwamba yule marehemu angeweza. Na huo ni uongo juu ya mtu ambaye hawezi kujibu. Gemu hugeuza kila jambo kuwa la mikono ya mchezaji, ndivyo zilivyoundwa, ndiyo maana zinafaa kwa breki na ratiba na hazifai kwa siku ile.

Kwa sababu siku ile haikuamuliwa ndani ya chumba cha dereva. Kituo cha tahadhari cha Pasifiki kilichopo Hawaii kililinasa tetemeko ndani ya dakika chache, lakini Bahari ya Hindi haikuwa na mfumo wake wa tahadhari. Hapakuwa na njia iliyoandaliwa ya kutoka kwa mtaalamu aliyejua hadi kwa mkuu wa stesheni aliyehitaji kujua. Inasimuliwa kwamba palifanyika jaribio la kuisimamisha treni Ambalangoda, simu ikakosa wa kuipokea kwa kuwa wafanyakazi walikuwa jukwaani wakiihudumia treni hiyohiyo. Utaigizaje hilo? Simu inalia kwenye chumba kitupu, na mchezaji aliye kwenye kichwa cha treni haisikii.

Kuna jingine lililoamua, nalo halionekani dirishani kabisa. Watafiti waliopima pwani ile baada ya maafa walikuta tofauti kubwa ndani ya umbali mdogo. Hikkaduwa, ambako matumbawe yanalindwa, maji yaliingia nchi kavu makumi ya mita tu. Peraliya, kilomita chache kaskazini, ambako matumbawe yalikuwa yamechimbwa kwa miaka, maji yaliingia zaidi ya kilomita moja. Mtu wa pwani ya kwetu haihitaji sayansi kubwa kulielewa hili. Anaijua chokaa ya matumbawe, ndiyo iliyojenga Lamu, Kilwa na Mji Mkongwe. Anaujua pia uvuvi wa baruti na alivyouacha mwamba ukiwa kifusi. Mchoraji wa gemu, hata awe hodari vipi, atachora uso wa bahari: rangi, mwanga, povu, mawimbi yanayofika na kurudi. Atapewa sifa kwa hilo. Chini ya uso huo hataweka kitu, maana treni haipiti huko. Bahari ya Hikkaduwa na bahari ya Peraliya kwenye gemu zitakuwa bahari moja.

Halafu kuna jambo linalonichekesha kidogo. Anayedhani anaweza kukwepa swali la mwaka kwa kuchukua takwimu tu na kuiachia kompyuta kazi, takwimu zenyewe zina tarehe. Wachoraji wengi wa njia, hasa wanaofanya kwa kujitolea, huanza na ramani ya miinuko iliyopimwa kwa rada na chombo cha anga Endeavour kwa siku 11 mwezi Februari 2000. Karibu asilimia 80 ya nchi kavu yote ya dunia ilipimwa safari ile. Kwa hiyo nchi utakayoimwaga kwenye kompyuta yako, pwani yote ya Galle, ni nchi ya miaka karibu mitano kabla ya wimbi. Ukiweka juu yake picha za setilaiti za leo na majengo ya leo, umeshonea nguo mpya mwili wa zamani. Hakuna ramani isiyokuwa na siku yake.

Kwa hiyo nabaki na jibu la tatu: ichorwe baada. Treni zilirudi kwenye njia hii Februari 2005, miezi miwili tu baada ya maafa, na hilo pekee lingetosha kuwa sababu ya kuichora hivi. Pale Peraliya sasa kuna mnara wa kumbukumbu, na karibu na barabara kuna sanamu ndefu ya Buddha aliyesimama, iliyojengwa kwa msaada kutoka Japani. Hivyo navyo ni mandhari. Mtu asivitoe kwa kuogopa kuwaharibia watu Jumamosi yao.

Nitaulizwa: mcheza gemu wa Arusha au wa Oslo anahitaji kuharibiwa Jumamosi kwa ajili gani? Nitajibu kwa kisiwa cha Simeulue, Indonesia, kilicho karibu mno na mahali ardhi ilipopasuka. Mwaka 1907 wimbi la namna hiyo liliua watu wengi kisiwani. Waliobaki walilipa jina, smong, wakalitia kwenye hadithi na kwenye nyimbo za kubembelezea watoto: ardhi ikitikisika kwa nguvu, bahari ikirudi nyuma, usisubiri, panda mlimani. Mwaka 2004, miaka 97 baadaye, kisiwa chenye watu zaidi ya 70,000 kilipoteza watu saba. Kwingineko watu waliona bahari imerudi nyuma wakashuka kuokota samaki.

Bibi wa Simeulue aliyekuwa akimbembeleza mjukuu hakuwa akitoa mhadhara. Kwa mtoto ulikuwa mchezo. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema kwamba kitu cha starehe hakipaswi kubeba kumbukumbu nzito. Na sisi wa upande huu si watazamaji wa mbali. Wimbi lile lile liliendelea magharibi. Saa kadhaa baadaye liliua karibu watu 300 Somalia. Kenya, ambako watu waliondolewa fukwe, alikufa mmoja. Tanzania walikufa watu wasiopungua 10, saa nyingi baada ya Peraliya, wakati habari ilikuwa tayari imezunguka dunia kwenye televisheni. Sijui ni vijana wangapi wa Kigamboni au Mtwara leo wanaofahamu maana ya bahari kurudi nyuma ghafla. Mimi sikufundishwa shuleni.

Hivyo pendekezo langu, likiandikwa vizuri, lingekuwa hivi. Njia ya Colombo Fort hadi Galle, sura ya sasa. Safari za kawaida za asubuhi na jioni, za abiria wa mjini, zenye ratiba ngumu na alama zake. Treni za mbali za watalii na wanafunzi. Na safari moja ya pekee. Kichwa cha Manitoba kiliokolewa, kikatengenezwa, na kila tarehe 26 Desemba hurudi Peraliya kwa ajili ya kumbukumbu. Hiyo iwekwe. Mchezaji akiichagua, alama zizimwe: hakuna kuchelewa, hakuna kuwahi, hakuna nyota mwishoni. Aendeshe, asimame pale, ashuke kama gemu inaruhusu kushuka, akae kadiri anavyotaka. Kama hataki, safari nyingine zipo.

Najua kasoro yake. Mtu anaweza kuifanya safari hiyo huku akitafuna korosho na kujibu ujumbe kwenye simu. Lakini hata makaburini watu hujibu simu, na hatujafunga makaburi. Kasoro inayonisumbua zaidi ni kwamba mimi si wa Peraliya. Kupendekeza kijiji cha mtu kiwe burudani, hata burudani yenye heshima, ni jambo linalohitaji mwenye nyumba abishiwe hodi. Gemu hizi huchorwa na watu wa kila mahali, na Colombo na Galle kuna vijana wenye kompyuta na upendo wa treni kama wangu. Wao na waliofiwa wakisema safari hiyo isiwepo, isiwepo. Wakisema mnara nao usichorwe, nitapoteza hoja yangu nusu na nitakubali, ingawa nitauliza sababu. Wakisema wanataka mwaka 2003, wakati baba zao walikuwa hai, sitakuwa na la kuwajibu.

Liko jambo moja la kiufundi ambalo ningewaomba wasiliache kwa vyovyote, mwaka wowote watakaochagua. Stesheni ya Galle ni ya mwisho wa reli. Njia haipiti ikatoka upande wa pili. Treni inayoendelea Matara huingia, kichwa hufunguliwa na kupelekwa nyuma ya mabehewa, kisha treni hutoka kwa kurudi ilikoingilia na kushika reli ya mashariki. Mchezaji atatembea jukwaani kutoka mwisho mmoja wa treni hadi mwingine, mwendo wa dakika mbili au tatu, akipita dirisha baada ya dirisha. Ndani, waliowahi siti za upande wa bahari kule Fort watakuta kuanzia hapo wanaangalia mashamba na kuta za nyumba, na waliokuwa upande wa nchi kavu tangu asubuhi ndio sasa wanaoliona povu.